Nilivyotafuta lens ya manual ili nimpate mathe akicheka

Wakuu, salamu kutoka Ruiru. Nimetoka kushoot harusi saa hii, mgongo unauma, miguu inawaka, kwa hivyo sina hata nguvu ya kudanganya mtu.

Kuna member aliuliza majuzi anunue telephoto gani, yaani lens ya kuvuta mbali, ya kupiga picha ndani ya nyumba, giza giza, bila kelele. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu. Ndio hili.

Mathe, mama yangu mzazi, anakaa Gatuanyaga, huko nje ya Thika. Ana pengo mbele, meno ya juu yalimtoka nikiwa mdogo. Mkiwa wenyewe nyumbani anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini akiona camera tu, mdomo unafungwa kama duka siku ya maandamano.

Mimi kazi yangu ni picha. Nimepiga picha mama za watu wakicheka hadi nimechoka. Ya wangu akicheka sikuwa na hata moja.

Sasa sister yangu akasema atamlipia meno ya bandia huko Thika. Mathe alifurahi sana. Mimi pia, lakini roho iliniuma. Kile kicheko nilikulia nacho kilikuwa kinaenda, na sikuwa nimekishika popote.

Zilibaki Alhamisi chache kabla ya meno. Alhamisi ndio akina mama wa fellowship huja kwake, na hapo ndio hucheka zaidi.

Ya kwanza nilienda na zoom yangu ya kazi. Makosa. Madirisha ya mathe ni madogo kwa sababu ya vumbi ya huko, ndani ni giza. Lens ikaanza kutafuta focus, motor inalia zii zii, halafu shutter, kla!

Wamama wote wakageuka. Wakanyoosha vitambaa, mikono kwa magoti. Mnajua vile wazazi wetu hukaa wakipigwa picha, ungedhani wanaapishwa.

"Ndung'u, si ungesema tujipange," mathe akaniambia.

Nikawapiga hivyo hivyo. Wote serious kuliko chifu.

Ya pili nikabeba 200mm ya manual ya rafiki yangu. Manual haina motor, unazungusha ring na mkono, kwa hivyo kimya kabisa. Lakini sebule ni ndogo jameni. Hata nikisimama jikoni nilipata pua na sikio tu. Tena ni f/4, haikuwa inaingiza mwanga wa kutosha. Na kwa sababu camera ilikuwa silent mode, shutter isilie, chini ya bulb yake ya bei rahisi inayopepesa, picha zilitoka na mistari kama shuka ya hospitali.

Nilirudi Ruiru nikiwa nimekata tamaa, kusema ukweli.

Ya mwisho ndio nikaenda na 135mm f/2.8, manual pia lakini inaingiza mwanga zaidi, ya zamani, chuma tupu, nilipata second hand hapo Thika pamoja na adapter ya kuifunga kwa camera yangu. Nilifanya mazoezi ya focus kwa caretaker wetu akiangalia TV, mpaka akaniuliza kama niko sawa kichwani.

Nilizima bulb, nikafungua mlango wa nyuma mwanga uingie. Nikasimama jikoni nikijifanya napika chai.

Mama Shiru, rafiki ya mathe, akaanza kusimulia vile mbuzi yake iliingia kanisani wakati wa sadaka. Mathe akarusha kichwa nyuma, mdomo wazi, pengo lote nje. Nikazungusha ring pole pole. Picha ya kwanza focus ikashika kikombe. Ya pili sikio. Ya tatu, macho yake yakawa safi kabisa.

Hakuna mtu aligeuka. Nililia wakuu, chai ikamwagika.

Wageni wakienda nikamwonyesha. Alishika camera muda mrefu.

"Haiya. Kumbe huwa nakaa hivi nikicheka?"

Halafu akafunika screen na kiganja, vile yeye hufunika mdomo.

"Usionyeshe mtu."

"Mum, hii ndio picha poa zaidi nimewahi piga."

"Nimekusikia. Usionyeshe mtu. Hata sister yako."

Nilijiona kama mwizi wa kuku.

Meno yakaja. Siku hizi anacheka mbele ya simu ya mtu yeyote, group ya family imejaa yeye. Amependeza, Mungu asifiwe. Lakini anacheka pole pole, kama mtu amevaa kiatu kipya. Ile lens iko juu ya kabati, imeshika vumbi.

Kwa hivyo wewe uliyeuliza: pima chumba kwanza, ndani ya nyumba zetu 135 inatosha, 200 ni ya uwanja. Ukiwa silent mode, chunga bulb. Na mwenye uso mwambie mapema, mimi sikumwambia.

Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi na yeye. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ile ya pengo bado uko nayo?"

"Niko nayo."

Akaendelea na mahindi. Baadaye akasema, "Usiifute."

Wenye 85mm ama 100mm, semeni mmeonaje, na mwenye amejaribu kitu ingine atuambie. Na najua kuna wale wa "bila picha ni uongo". Niiteni mwongo tu. Niliambiwa nisionyeshe mtu.