Nyumba Nyeupe Ukutani kwa Mama

Kaka yangu anauza mapambo ya nyumba dukani Mwanza. Krismasi moja alikuja kwetu Nyakakika na picha kubwa, imechapwa kwenye kitambaa kigumu kilichovutwa juu ya fremu ya mbao. Mlima, nyumba nyeupe zimepandana mpaka juu, milango ya buluu, na chini yake maji ya buluu kupita kiasi. Akagonga msumari sebuleni, akaitundika, akala, na kesho yake akaondoka. Ndivyo alivyo, kukaa hawezi. Wala hakusema ile ni picha ya nini.

Sasa, kwetu ukutani hakuna picha ya bure. Yupo marehemu baba na tai yake, ipo harusi ya kaka, ipo kipaimara yangu. Harusi yangu mimi ilishushwa nilipoachika na kurudi nyumbani, na sikuuliza nani kaishusha. Mgeni akiingia ataoneshea kidole, "Na huyu?" na lazima ajibiwe ni nani wetu.

Mimi nilikuwa naishi na Mama, nalima kile kibanja kinachozunguka nyumba, kahawa na migomba yote mikononi mwangu. Lakini kulima ni kulima tu. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba afariki, alikuwa ameshanitamkia bila aibu kwamba kibanja ni cha mtoto wa kiume, na kwamba baada ya msimu wa kahawa ukoo utakaa uangalie mimi niende wapi. Niende wapi! Kama mbuzi wa kufunguliwa kamba. Nilikuwa naogopa, sina haja ya kuficha.

Jumapili moja baada ya ibada baba mdogo akaja. Nilikuwa jikoni. Nilipoingia na chakula nikamkuta amesimama mbele ya ile picha, mikono nyuma, anatikisa kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hongereni sana, mwanangu. Hongereni!"

Nikasema ahsante. Ya nini, sikujua. Nilimtazama Mama, naye akawa anamnawisha mgeni mikono.

Wiki ile nilichanganyikiwa kabisa. Jirani mmoja akanisimamisha njiani, "Kumbe kaka yenu kajenga ziwani, mmekaa kimya!" Mwingine, tuliyekuwa tunaanika naye kahawa, akataka kujua kama huko kwa kaka mtu hufika kwa gari au kwa boti. Nikajibu kwa boti, maana nilishindwa kusema sijui. Moyoni nilikuwa nawaka. Kaka yangu wa tumbo moja ajenge, nyumba yenyewe ya ghorofa, halafu habari nizipate kwa watu? Na Mama naye, kila nikimuuliza, ananiambia nikaangalie sufuria lisiungue.

Ukoo ukakaa. Nilijua naenda kufukuzwa, hata nguo nilikuwa nimeshazikunja. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akasema kwa kuwa kijana amejaliwa kupata mji wake huko majini, si vizuri kibanja cha marehemu kigeuke pori, basi kibaki kwa huyu binti anayekijua. Hakuna aliyepinga. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, wanawake wakanipigia vigelegele. Mimi nimekaa pale nimeduwaa, nashukuru kila upande, kichwani hakuna kinachoeleweka.

Kesho yake asubuhi, nilipokuwa peke yangu, nikampigia kaka.

"Umejenga wapi wewe?"

"Nani, mimi? Hata tofali moja sina, dada."

"Na ile nyumba nyeupe?"

"Nyumba gani?"

"Si ile uliyotutundikia ukutani!"

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ile ni mandhari ya Ulaya, bahari ya Mediterania, wanaziuza nyingi watu wapendezeshe sebule. Hiyo ilikuwa imepasuka kona, bosi akampa. Mimi sikucheka. Nilikata simu bila kumwambia habari ya kibanja.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Nikakaa karibu yake, nikamweleza yote: nyumba si ya kaka, si ya mtu yeyote tunayemjua, ni pambo tu, na ukoo umegawa kibanja kwa sababu ya pambo. "Mama, tumemdanganya baba mdogo. Itabidi tukamwambie."

Hakuinua hata macho. "Nani kamdanganya? Kaniuliza picha imetoka wapi, nikamwambia kaileta mwanangu. Hakuileta?"

"Kaileta. Lakini si na wewe ulidhani..."

"Nidhani nini?" Hapo ndipo alipoacha maharage. "Mlima mzima ule, hakuna mgomba hata mmoja. Anayekaa pale anakula nini? Baba yako mdogo ana macho, kama hakuangalia shauri yake."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua nianze na lipi.

"Na kaka akija, Mama?"

"Akija utampikia." Akarudi kwenye maharage yake. "Hebu acha maneno mengi, jua linapanda. Nenda kapalilie kibanja chako."