Kificho Ndani ya Kabati la Mninga

Mume wangu Wendelin alikuwa seremala hapa Ifakara, na kama ungemuuliza kazi yake ngumu ni ipi, asingekutajia kupasua mbao. Angekuambia ni kunyamaza. Madirisha, viti na makabati alifundishwa misheni kama mafundi wengine. Vificho alijifundisha mwenyewe. Ukimwagiza kabati na kumnong'oneza, alikuwekea mahali pasipoonekana: ubao wa mgongo unaoteleza, mguu wa meza ulio mtupu ndani, kitako cha kabati ambacho kumbe ni droo. Wengine walificha sukari watoto wasiione. Mzee mmoja wa Kivukoni alimficha mkewe tumbaku, na huyo mke alinijia mara kwa mara kunichimba. Sikujua kitu. Wendelin akirudi jioni alikula, akavua shati, akalala, na chumba kizima kikanuka mninga. Maneno hayakuwepo.

Nilichoka naye, nasema kweli. Mtu aliyejaa siri za watu habakizi nafasi ya kuongea na mkewe.

Siri ya Kandida niliijua baadaye, lakini naieleza hapa ili uelewe yaliyofuata. Kandida alikuwa mke wa Mwalimu Eustaki, watu wa Mahenge walioletwa kwetu na kazi ya shule. Mtoto wao wa pekee, Donati, alikufa kwa surua kabla hajaanza kutembea. Ukoo wa mwalimu ulikuwa na mwiko wao: vitu vya mtoto aliyekufa vinazikwa naye vyote, maana kikibaki kimoja ndani ya nyumba, mtoto mwingine haji. Kandida alizika vyote isipokuwa kishati kimoja cha pamba. Donati alikuwa amekivaa kabla ya kuugua, na kilikuwa hakijafuliwa. Kilikuwa na harufu yake.

Mwalimu alipoagiza kabati la vitabu, Kandida alimvuta Wendelin pembeni akamwomba kificho. Wendelin akakitia kwenye kitako: ukibonyeza pembe ya kushoto, ubao wa mbele unatoka. Mwalimu alipanga vitabu vyake juu ya kile kishati miaka yote ile, asijue lolote.

Mtoto mwingine hakuja. Kisha mwalimu mwenyewe akafa kwa homa, katikati ya masika, bonde zima limejaa maji.

Ndugu zake wakavuka na pantoni kuja kwenye msiba, kiongozi wao kaka mkubwa, Apolinari. Walipomaliza matanga wakaanza kugawana vitu, na cha kwanza walichotaka kilikuwa lile kabati. Sasa fikiri mwenyewe: wakikuta kishati kile wangesema nini? Kwamba Kandida amelifunga tumbo lake kwa makusudi, na kwamba aliyemuua ndugu yao ni yeye. Mwanamke wa namna hiyo haachiwi hata kaburi la mumewe apalilie.

Kandida alikwisha jaribu kukitoa. Alibonyeza pembe mpaka kidole kikauma, droo ikagoma. Wendelin alilitengeneza kabati kiangazi, akaikaza ile droo barabara, akajivunia kwamba hata unywele haupenyi. Masika yalipofika mbao zikanywa unyevu zikavimba. Ufundi wake ndio uliomfungia mama wa watu.

Na fundi aliyeitwa kulifungua kabati ili lipakiwe alikuwa yeye huyohuyo. Nilikuwepo, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu.

"Shikamoo, mzee," Wendelin alimwamkia Apolinari.

"Marahaba, fundi. Litoe vipande vipande, tuwahi pantoni. Anza na kitako."

Kandida aliinua macho, akayashusha. Wendelin akachuchumaa, akapitisha mkono kwenye pembe. Niliona bega lake likisukuma. Hakuna kitu. Akasukuma tena.

"Mbona unalipapasa?" Apolinari alisema akiinama. "Tia patasi, bwana."

Suruali ya kazi ya Wendelin haikukosa unga wa msumeno mifukoni. Aliingiza mkono mfukoni, akaupeleka nyuma ya kabati, ukarudi na kiganja kimejaa unga.

"Limeliwa, mzee."

"Limeliwa na nini?"

"Bungua, hawa wadudu watoboao mbao. Wamekwisha ingia mpaka ndani. Mkilipeleka kwenu watahamia kwenye boriti za nyumba."

Wale vijana wenye kamba wakarudi nyuma. Apolinari akamkazia macho.

"Si wewe uliyelitengeneza?"

"Ni mimi."

"Marehemu alikusifu mbele yetu sote."

"Alinisifu bure, mzee. Mbao zilikuwa mbaya, nami nilifanya haraka."

Nusura niinuke pale mkekani. Mninga! Bungua gani anayeugusa moyo wa mninga? Hata mimi nisiyeshika randa nalijua hilo. Lakini Apolinari alitema mate mlangoni, akachukua meza na baiskeli, kabati akaliacha.

Tulipofika nyumbani nilimgeukia. "Bungua wa wapi huyo, Wendelin?"

"Aurelia, nimechoka."

"Nimechoka mimi! Umejipaka matope mbele ya watu, tutakula nini?"

Ndipo aliponieleza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitolea siri ya mtu, na aliitoa kwa maneno machache, ameinamisha kichwa. Hata hivyo hasira haikuniisha. Kishati hakiliwi na ugali.

Habari ilivuka mto na pantoni ileile, na upande wetu ikapanda na barabara mpaka Mkula. Bwana mmoja wa huko aliyekuwa ameagiza kabati akatuma salamu kwamba ameghairi. Wendelin akabaki na mipini ya majembe na majeneza. Nilimtania kwamba maiti halalamikii bungua, hakucheka. Masika yale majeneza yalikuwa mengi. Alirudi jioni akiwa hoi, akishika tonge anasahau kulipeleka mdomoni.

Maji yalipopungua na jua likakaza, Kandida alituma mtu kumwita. Alikuwa amehamia chumba cha uani karibu na kanisa, yeye na kabati lake. Nilifuatana na mume wangu kwa sababu nilitaka kukiona kitu kilichotugharimu jina.

Wendelin alibonyeza pembe kwa kidole kimoja. Ubao ukatoka bila ubishi wowote.

"Chukua, Mama Donati," alisema.

Tangu mazishi ya mtoto sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo. Kandida alikitoa kishati. Kilikuwa kizima, hakina hata doa. Akakiweka puani, akakaa nacho. Akageuza upande wa ndani, akanusa kwapani, akanusa kwenye ukosi. Nilisubiri alie, hakulia.

"Hakina harufu yake tena, fundi," alisema polepole. "Kinanuka mbao."

Akanipa mimi, nadhani alitaka nimwambie si hivyo. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya mume wangu, ileile inayojaa chumbani kwetu kila jioni. Ningependa kumdanganya, ila sikuweza. Hasira niliyoilea masika mazima ilinitoka palepale, nikabaki na huzuni tupu.

Njiani Wendelin alitembea mbele, mikono inaning'inia.

"Ningetumia mti usio na harufu," alisema.

"Mti huo haupo, Wendelin."

Nyumbani tulimkuta baba mmoja amekaa kizingitini, amekuja kuagiza jeneza la mtoto. Wendelin alimpa pole, akaingia kwenye banda lake la kazi, na kabla ya kushika futi ya kupimia akaanza kuzinusa mbao, mojamoja.