Mgonjwa wa Pili Nyumbani kwa Shangazi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo kasuku wa shangazi yangu alisalimiwa asiitikie. Shangazi Mwanaidi alikuwa mjane mwenye shamba la minazi huku Baleni, na kasuku yule aliachiwa na mumewe aliyekuwa baharia. Mpita njia akisema "shikamoo," ndege ndiye aliyejibu "marahaba" kabla ya mwenye nyumba. Sisi watoto tulikuwa tukipita na kurudi, ili tu tuitikiwe.

Siku hiyo nikasema shikamoo, kimya. Nikasogea tunduni. Alikuwa amejitutumua manyoya, macho yanatoka ute, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, na kinyesi chake kimegeuka kijani. Nilikuwa msichana wa kuuliza kila kitu, hata watu wazima wakinichoka. Nikauliza, "Shangazi, ana nini huyu?"

"Baridi tu," akasema. Akatafuna mkate, akamlisha kwa midomo yake, kama alivyozoea.

Haukupita muda, shangazi naye akalala. Homa, kichwa kinamgonga, kikohozi kikavu. Akameza dawa za malaria, wapi! Mimi nikawa natazama huku na huku, tunduni na kitandani, nikijiuliza: mbona wote wawili wanahema namna moja? Hali ilipozidi, mama yangu akasema twende hospitali Kilindoni. Njiani shangazi akanishika mkono. "Usimtaje ndege wangu," akaninong'oneza. "Watamchinja."

Hapo nilibanwa, mwanangu. Siri ya mkubwa huwekwa, ndivyo nilivyolelewa. Lakini daktari, mama mmoja mpole, akauliza, "Nyumbani kuna mgonjwa mwingine?"

"Hakuna," akajibu shangazi, akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Nikasema, "Yupo."

"Nani?"

"Kasuku."

Mama akanifinya. Nilidhani daktari atacheka, hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanidadisi habari za yale macho, kile kinyesi, na ule mkate wa mdomoni. Kisha akatueleza kwamba kuna maradhi ya kasuku na njiwa yanayompata mtu akivuta vumbi la kinyesi na manyoya yao, yakashuka hadi mapafuni. Akabadilisha dawa, akamlaza shangazi, na akatuma aitwe bwana mifugo.

Bwana mifugo hakuja na kisu. Alikuja na dawa ya kuchanganya na chakula, nami nikastaajabu kusikia kuwa ni ya jamii moja na vidonge vya shangazi. Kasuku akahamishiwa banda la nyuma lenye hewa, mbali na kuku. Mama peke yake ndiye aliyemhudumia: kitambaa puani, kinyesi kinaloweshwa kabla ya kuondolewa ili vumbi lisiruke, kisha mikono kwa sabuni. Hata gamba la dome, yule nduguye ngisi, ambalo kasuku alipenda kulitafuna, likatolewa tunduni. "Chokaa yake huizuia dawa isifanye kazi," akasema bwana mifugo. Ewe, nani angelijua hilo!

Shangazi aliporudi, jambo la kwanza alitaka kumbusu ndege wake. Nikasimama mlangoni pa banda. "Shangazi, bado."

"Tangu lini mtoto akamkataza mkubwa?" akafoka. Lakini akavuta kigoda, akakaa nje, akawa anazungumza naye kwa mbali kila alasiri. Siku moja akaniambia, "Ungeniuliza kwanza, kabla ya kunitobolea siri mbele ya daktari."

"Ningekuuliza, ungekataa."

Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Dawa ilichukua wiki nyingi, nao wakaimaliza bila kuikatiza, na wote wawili wakapona.

Basi, mwanangu, wewe unayefuga ndege na una simu ya kuulizia kila kitu, nisikilize mimi nisiye nayo. Mpende, ila usimlishe kwa mdomo wako. Akijikunyata, usiseme baridi tu. Mtenge, funika pua, nawa, umwite mjuzi. Nawe ukiugua, mtaje ndege wako kwa daktari hata kama hakukuuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na shangazi yangu alikaribia kuumbuliwa kwa sababu ya mapenzi. Na mtoto wako akikusumbua kwa maswali, usimfinye. Kuuliza si ujinga.

Mola akupe kifua chepesi na jicho la kuona mapema, na kila kiumbe alichokukabidhi ukilee kwa salama yake na yako. Amin.