Wifi Yangu Kwenye Tope

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha. Jioni nilikuwa nimeupapasa mti wa wifi yangu, Mwanahamisi binti Shemdoe, dada wa marehemu mume wangu, nikakuta majani yamegeuka manjano. Ni kimti kifupi, majani hakipukutishi mwaka mzima, na kipupwe kikibana, vingine vyote vimekauka, ndipo chenyewe kinapotoa maua. Yeye alikiita Mwanabaridi. Alipofariki, shina la kwake nalo likafa. Kitawi cha mwisho kilibaki kwangu. Nami nilikipa pahala pa heshima: nyuma ya bafu, yanakotokea maji ya kuogea, penye migomba na magimbi. Hapo hakifi kitu, nilisema.

Basi nikalala. Nikaona jua kali, na Mwanahamisi kasimama katikati ya migomba yangu, kanga kaipandisha magotini, tope limemfika vifundoni. Anatetemeka. Nami nina ndoo, nammiminia maji miguuni, namwambia, "Kunywa, wifi, kunywa."

"We mwanamke," anasema, "unalea mti au unalea bata?"

Nacheka hata ndoo inaniponyoka. Ndivyo alivyokuwa. Siku naolewa alinizuia mlangoni, eti kaka yake haozwi mwanamke asiyejua kusonga ugali.

Mara hatupo tena bafuni. Tuko nyuma ya banda la mbuzi, kule kwenye changarawe nisikopanda kitu. Miguu yake imekauka, anakanyaga mawe kama yuko ngomani, na kila anapokanyaga linachomoza ua la njano. Nyuki wanakuja. Nami nacheza. Magoti hayaniumi.

Ananishika mkono. Hatanii tena.

"Wifi, nitoe bafuni. Ukinipenda, ninyime maji."

Nikaamka nacheka, mto umelowa machozi. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Nikashika jembe. Zubeda, mke wa mwanangu, akachungulia dirishani.

"Mama, na baridi yote hii waenda wapi?"

"Kumtoa wifi yangu bafuni."

"Haya, msalimie."

Nikachimba taratibu. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka. Nikaifuata kwa vidole, mmoja mmoja, ikikatika mkononi, hata chini kabisa nikagusa mmoja mgumu. Nikaufuta tope kwa upindo wa kanga. Mweupe, mzima! Nikapiga kigelegele, Zubeda akaja mbio bila viatu.