Nyasi za Ghala

Juzi upepo uling'oa bati la nyumba ya mwanangu hapa Sumbawanga, mvua ikaingia chumbani kama imealikwa. Fundi akapanda juu na nyundo yake. Mkwe wangu, badala ya kumwahi mtoto kitandani, akaanza kuburuta gunia la mahindi. Nikapiga kelele, "Mtoto kwanza! Mahindi baadaye!" Wakanitazama kana kwamba bibi amerukwa na akili. Sijarukwa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kichwa changu hakivuji. Keti nikwambie.

Ile miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana wa kuchota maji. Tulihamishwa mvua zimeshaanza. Lori likatushusha uwandani na vyungu vyetu, kuku wetu na ulezi wetu, tukaonyeshwa mstari wa kujenga. Kule tulikotoka mgambo walikuwa wameangusha paa letu ili tusirudi. Sasa, nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, na kiangazi kile moto ulikuwa umezila zote. Baba akarudi mahameni, akalichambua lile paa lililoanguka, akaleta nyasi za ndani, kavu, nyeusi kwa moshi, kazifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Zilinukia jiko letu la zamani. Zilitosha paa moja tu, na sisi tulikuwa na nyumba na ghala vya kuezeka.

Bibi, mzaa baba, alikuwa ameonja njaa utotoni. Akasema, "Mtu akilowa anakaa motoni anakauka. Ulezi ukilowa ukachipua, tutakula nini, na tutapanda nini?"

Mama alikuwa na mtoto mchanga, kitovu ndiyo kwanza kimedondoka. "Na huyu, mama?"

"Huyu ana titi, ana na mgongo wako."

Baba aliwatazama wote wawili, akazibeba zile nyasi kavu. Akapanda kwenye ghala.

Nyumba tuliiezeka kwa majani mabichi ya bondeni, yanachuruzika maji hata kabla hayajafungwa kwenye fito. Jirani akapita, akacheka: "Shemeji, unaezeka au unalisha ng'ombe?" Baba naye akacheka. Sikumsikia tena akicheka mwaka ule.

Majani mabichi si paa. Mvua ilitushukia ikiwa ya kijani, inanuka kinyesi cha ng'ombe. Baridi ya Ufipa unaijua. Kuni zilitoa moshi tu, moto hakuna. Mama alikaa na mtoto mapajani, kashika ungo juu yake. Mkono wake ukichoka, ungo naushika mimi. Tap, tap, tap juu ya ungo. Mpaka leo, nikisikia mtu anapepeta, ninageuka.

Mtoto akaanza kukohoa, kifua kikabana, mbavu zikawa zinaingia ndani akivuta pumzi. Halafu akaacha kuvuta. Tulimzika mvua ikinyesha. Wanaume walichota maji kaburini kwa kibuyu kwanza, ndipo wakamlaza.

Msiba ulipokwisha, mama alifungua ghala. Ulezi ulikuwa mkavu, unateleza vidoleni. Akausaga kwenye jiwe, akasonga ugali, akampelekea bibi kabla ya wote, akapiga magoti kama ilivyo desturi.

"Karibu, mama," akasema. "Ulezi umekauka vizuri."

Bibi akanawa, akabaki ameiinua mikono hewani, inadondosha maji. Kisha akala. Sote tulikula. Sikudanganyi, ulikuwa mtamu, na ndio uliotufikisha kwenye mavuno.

Siku hizi nyasi za kuezekea huzioni, na maghala hayajengwi tena. Watu wanalala na magunia yao chumba kimoja. Kijiji kile ni mabati matupu. Kaburi la mdogo wangu hakuna anayejua lilipo ila mimi, nami magoti hayanifikishi.

Fundi alipomaliza kupigilia, mkwe wangu alinipa mtoto nimpakate. "Bibi, ona, mkavu kabisa." Nikaona. Hata hivyo nikampapasa kichwa chote, taratibu, nikitafuta tone.