Nilimzulia Rafiki Yangu Uchawi kwa Sababu ya Chungu cha Chuma

Ndugu zangu, nimekosa. Msinitafutie udhuru. Wivu ndio ulionifikisha hapa, na aliyeulea ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, naishi kambi ya Nakivale, Uganda. Miaka ya nyuma mimi na jirani yangu, nimwite Mama Esta, tulikuwa na ugonjwa mmoja: vyungu vya zamani vya chuma kizito, vile vya miguu mitatu ambavyo siku hizi huvioni dukani. Watu walitucheka. Lakini maharage yaliyopikwa humo, jamani! Ukionja, hutazitaka tena sufuria nyepesi za soko letu la kambini, pale Base Camp.

Tulikuwa tukipanda gari pamoja hadi mjini Mbarara kuvitafuta majumbani mwa watu. Huko, mtaa wa Nyamitanga, tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa ajabu. Vyungu vyake vilikaa juu ya kitanda, yeye analala kwenye mkeka! Kila kimoja alikipa jina la ng'ombe na kuongea nacho, maana zamani alikuwa mfugaji na mifugo yake yote ilikufa kwa ugonjwa.

Nilikiona kimoja kikubwa, cheusi, roho yangu ikaruka. Nikauliza bei palepale. Mzee akanigeuzia mgongo.

Mama Esta anatoka kwenye ukoo wa wafugaji, na lugha ya kwao inakaribiana na ya mzee. Yeye hakutaja bei. Aliuliza habari za kila chungu, kimetoka kwa nani, kimelelewa wapi, kama watu wanavyoulizana habari za ng'ombe. Mzee alicheka mpaka machozi. Tulirudi tena na tena, hadi siku moja akampa kile kikubwa bure, kama mtu anavyompa rafiki yake ng'ombe. Sharti lilikuwa moja tu, awe anarudi kumletea habari za chungu hicho.

Kile kilikuwa changu! Mimi ndiye niliyekiona kwanza! Njiani nilimpongeza kwa mdomo tu.

Kanisani kwetu Mama Esta ndiye aliyepikia harusi na misiba, na kwa chungu kile sifa zake zikapanda. Kila aliposifiwa, mimi nilisikia natukanwa. Basi siku moja, baada ya maombi ya akina mama, nikamnong'oneza mama mmoja asiyejua kufunga mdomo. Nikasema chungu kile kina jina. Nikasema mzee huongea nacho, na kwamba Mama Esta lazima arudi kwake kutoa habari. Yote kweli! Uongo niliuweka mwishoni tu: kwamba yule mzee ni mganga.

Haikuchukua muda. Harusi iliyofuata akapewa mwingine kupika. Watoto wa majirani wakakatazwa kula kwake. Wazee wa kanisa wakamwita, akawaeleza mambo ya ng'ombe, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini uchawi. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, nimemshika mkono. Roho gani hiyo!

Mwisho akaamua kuhamia kwa dada yake, upande wa Ngarama. Asubuhi ya kuondoka alikuja kwangu amekibeba chungu kichwani.

"Dada, chukua hii chungu," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo. "Najua uliipenda tangu siku ya kwanza. Batu bote banaikimbia, banakimbia na mimi. Weye tu njo haukunikimbia."

Nilipokea. Jamani, nilipokea! Wala sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeuanzisha uvumi ule.

Nilikitumia kupika mara moja tu. Wale akina mama wa maombi walikuja, wakakiona jikoni, wakaaga kabla hawajakaa. Neno moja la kweli lingetusafisha sote, mimi na Mama Esta. Nikalimeza kwa kuogopa aibu, na mpaka leo nimelimeza.

Dada zangu, rafiki yako akipata ulichokitamani, mwambie usoni kwamba unamwonea wivu. Afadhali akucheke. Mimi ningemwomba tu Mama Esta chungu kile, angenipa. Si alinipa hata bila kuombwa? Sasa ninacho, na sina wa kumpakulia.