Siri Iliyoombewa kwa Spika

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, Chaani. Mbele yangu alisimama mama mmoja, kafunika jicho kwa ncha ya leso. Mchungaji wake akaingia, akamsalimu kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mama, ondoa hofu! Lile jambo la mumeo kukupiga, jana kanisa zima tumeliombea."

Foleni nzima ikageuka.

"Kanisa zima, Pasta?"

"Zima! Nimekutaja kwa jina kwenye spika, maombi yawe na nguvu."

Mama akaishusha leso. Jicho lilikuwa limevimba, halifunguki.

"Spika yenu inasikika hadi kwangu. Mume wangu alikuwa nyumbani."

Nilichemka. Tangu lini Mungu akawa kiziwi? Mtu kakukabidhi mzigo wake kwa imani, nawe unautangazia mtaa mzima, kisha unasema ni ibada! Na sisi wa msikitini tusicheke, wallahi. Wa namna hiyo tunao.

Mchungaji akaanza kusema shetani ana hila. Mama akapokea dawa yake, akamkatiza polepole:

"Niliwaambia wawili tu, Pasta, wewe na Mungu. Mungu hajamwambia mtu."